Herufi tatu, maana lukuki: Maneno mafupi ya Kiingereza na mitego yake

USIDHARAU wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake. Msemo huo, uliozaliwa baada ya reli kufika kwetu, wafaa kukumbukwa na kila mtu anayejifunza Kiingereza au anayekitafsiri kwa Kiswahili. Aghalabu mwanafunzi huogopa maneno marefu. Anapokutana na neno 'photosynthesis' katika kitabu cha sayansi, mikono humtetemeka na mara moja hukimbilia kamusi. Lakini neno hilo, kwa urefu wake wote, lina maana moja tu: usanidinuru. Ukishaijua umemaliza kazi.

Hatari iko kwingine. Iko katika vijineno vya herufi tatu ambavyo kila mtoto wa shule ya msingi anadhani anavijua: 'set', 'run', 'put', 'cut', 'let', 'bar', 'off', 'out', 'use'. Hakuna anayeyafungulia kamusi maneno haya, na ndiyo sababu huwatega wanafunzi, wafasiri, wanahabari, na hata majaji. Katika makala haya tutaeleza maneno hayo yalivyopata maana nyingi kiasi hicho, namna yanavyotofautishwa, na kwa nini wakati mwingine uhai au uhuru wa mtu umetegemea tafsiri ya neno moja dogo.

Vitawe vya aina mbili

Katika sarufi ya Kiswahili, maneno yenye sura moja na maana zaidi ya moja huitwa vitawe. Wataalamu wa isimu huvigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la maneno yaliyotoka asili mbalimbali yakakutana njiani na kuvaa nguo moja. Hayo huitwa homonimu. Kundi la pili ni la neno moja ambalo maana yake ya awali imechipua matawi kadiri miaka ilivyopita. Hali hiyo huitwa polisemia.

Kiswahili nacho kina vitawe vya herufi tatu. Chukua neno 'kaa'. Kuna kaa wa baharini mwenye magando, kuna kaa la moto, na kuna kukaa kitini. 'Paa' ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, ni kitendo cha ndege kuruka kwenda juu, na pia ni kumwondoa samaki magamba. 'Ota' ni kuona mambo usingizini, ni mmea kuchomoza ardhini, na ni kujipasha joto kando ya moto au juani. Hizo ni maana zilizokutana katika sura moja. Kwa upande mwingine, neno 'tua' lina maana zilizo ndugu: ndege hutua, jua hutua, na mchukuzi hutua mzigo. Katika zote tatu kuna kitu kinachotoka juu kwenda chini.

Hata hivyo, Mswahili ana msaada ambao Mwingereza hana. Msaada huo ni ngeli. Ukisikia 'kaa amekimbia' hutadhani ni la moto, na ukisikia 'kaa limezimika' hutamfikiria mnyama wa baharini. Viambishi hutoa ushahidi kabla sentensi haijaisha. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Maana ya neno fupi hutegemea mahali lilipowekwa katika sentensi, neno linaloliandama, na jambo linalozungumzwa.

Mabingwa wawili: 'set' na 'run'

Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza ni ile ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928. Toleo la pili lilitolewa mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20. Katika toleo hilo, neno lililoshika nafasi ya kwanza kwa wingi wa maana lilikuwa 'set'. Lilipewa takriban maana 430, na maelezo yake yalichukua karibu maneno 60,000. Huo ni urefu wa riwaya ya kiasi, na yote ni kueleza herufi tatu.

Baadaye, wahariri wa kamusi hiyo walipokuwa wakiandaa toleo la tatu, ubingwa ulihama. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba neno 'run', likiwa kitenzi peke yake, lilikuwa limefikisha maana 645. Mhariri Peter Gilliver, aliyekabidhiwa neno hilo, alitumia takriban miezi tisa kulichambua.

Msomaji anaweza kuuliza: je, kukimbia kuna namna 645? La hasha. Tazama jinsi Kiswahili kinavyohitaji kitenzi kipya kila Mwingereza anaposema 'run'. Mtoto hukimbia. Mto hutiririka. Pua huchuruzika makamasi. Rangi ya kitambaa huchuja. Injini huunguruma. Meneja huendesha kampuni. Mwanasiasa huwania kiti. Gazeti huchapisha habari. Filamu huonyeshwa kwa majuma kadhaa. Mkataba hudumu miaka mitano. Barabara hupita kando ya kijiji. Ugonjwa huandama ukoo. Wateja hufurika benki kutoa akiba zao wanaposikia kwamba inaporomoka. Katika kila mojawapo ya sentensi hizi Mwingereza anaweza kutumia neno lile lile.

Hata miongoni mwa wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hakuna usawa. Mgombea wa Marekani hukimbia, yaani 'run', ilhali mgombea wa Uingereza husimama, yaani 'stand', na wote wawili wanatafuta kura. Mswahili yeye huwania au hugombea, na huenda maneno hayo mawili ndiyo yanayosema ukweli zaidi kuhusu siasa.

Neno 'set' nalo si haba. Jua huzama. Saruji hushika. Mwalimu hutunga mtihani. Mwindaji hutega mtego. Mhudumu huandaa meza. Daktari huunga mfupa uliovunjika. Mahakama hupanga tarehe ya kesi. Likiwa nomino, neno hilo huwa jozi ya vyombo, sehemu ya mchezo wa tenisi, jukwaa la filamu, au mkusanyiko katika hisabati, na kwa maana kadhaa za mwisho Kiswahili kimelikubali na kulivisha irabu: seti.

Kwa nini maneno mafupi ndiyo yenye mzigo?

Sababu ya kwanza ni matumizi. Mtaalamu wa Marekani George Kingsley Zipf, aliyeandika katika miaka ya 1930 na 1940, alionyesha kwamba maneno yanayotumika mara nyingi huelekea kuwa mafupi, na kwamba maneno hayo hayo huelekea kuwa na maana nyingi. Watu hupenda kutumia nguvu kidogo wanapozungumza. Neno jepesi mdomoni huazimwa kwa kazi mpya kabla ya mtu kujisumbua kubuni jingine, na kila kazi mpya huliongezea matumizi.

Sababu ya pili ni historia. Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa kabla ya Wanomani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi tamati vingi. Kitenzi 'set' kilikuwa 'settan', kikibadilika kulingana na mtenda na wakati. Katika karne zilizofuata, viambishi hivyo vilififia kimoja baada ya kingine hadi likabaki shina tupu. Matokeo yake ni kwamba 'set', 'put', 'cut', 'hit' na 'let' hazibadiliki hata wakati uliopita. Mwingereza akiandika kwamba yeye na nduguye 'cut' miti, msomaji hawezi kujua kama wanaikata kila mwaka au waliikata jana. Mswahili hukata shauri kwa silabi moja: hukata, walikata, wamekata, watakata.

Sababu ya tatu ni urahisi wa neno kuhama kutoka aina moja hadi nyingine. Kwa Kiswahili, kitenzi 'kimbia' kikitaka kuwa nomino lazima kibadilike: mkimbiaji, mbio, ukimbizi. Kwa Kiingereza, 'run' hubaki 'run', iwe kitenzi au nomino. Mlango uko wazi na hakuna bawabu.

Sababu ya nne ni vihusishi na vielezi vinavyofungamanishwa na kitenzi. 'Set' ikiandamana na 'up' ni kuanzisha, au kumtegea mtu mtego wa hila. Ikiandamana na 'off' ni kuanza safari au kulipua bomu. Ikiandamana na 'aside' hutokea jambo la ajabu. Serikali ikifanya hivyo kuhusu fedha, imezitenga ili zitumike. Jaji akifanya hivyo kuhusu hukumu, ameitengua na haitatumika tena. Kwa Kiswahili tofauti kati ya kutenga na kutengua ni sauti moja tu, lakini kwa raia anayesubiri uamuzi ni tofauti kati ya kupata na kukosa.

Sura moja, asili mbalimbali

Baadhi ya maneno haya hayana undugu wowote isipokuwa tahajia. 'Pen' ya kuandikia ilitokana na neno la Kilatini 'penna', yaani unyoya, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya ndege. 'Pen' ya mifugo, yaani zizi, ni neno la Kiingereza cha kale lisilohusiana na ndege wala wino. 'Ear' ni sikio, na 'ear' ni suke la ngano, nayo ni maneno mawili tofauti tangu jadi. 'Bat' ya kriketi ni fimbo, na 'bat' arukaye usiku ni popo, ambaye jina lake la awali katika Kiingereza lilikuwa na sauti ya 'k' mahali pa 't'.

'Fan' ya kupepea ilitokana na neno la Kilatini lililomaanisha ungo wa kupepetea nafaka. 'Fan' wa kandanda ni mtu mwingine kabisa. Inaaminiwa kwamba jina lake ni kifupi cha 'fanatic', yaani mtu aliyepagawa na imani. Anayewatazama mashabiki wetu siku ya mechi kubwa hatapinga asili hiyo. 'Net' ni wavu wa mvuvi na chandarua cha kuzuia mbu, lakini katika hati ya mshahara ni kiasi kinachobaki baada ya makato yote. Maana hii ya pili ilitoka Ufaransa, na asili yake ni usafi: fedha zilizosafishwa makato.

'Bar' ni mfano mzuri wa neno lililotawanyika. Lilianza kama ufito au kizuizi. Kizuizi cha mahakamani kilichowatenga majaji na watu wengine kikawapa mawakili jina la taaluma yao. Kizuizi cha mahali pa kuuzia vileo, yaani kaunta, kikalipa jumba zima jina. Ndiyo maana kijana akisema kwa Kiingereza kwamba ameitwa 'bar', jamaa zake wanapaswa kuuliza kwanza kama ni ya sheria au ya pombe kabla ya kumpongeza. Tena kuna mche wa sabuni, kipande cha chokoleti, fito za dirisha la gereza, kipimo cha muziki, na kitenzi cha kukataza. Kipimo cha shinikizo la hewa chenye jina hilo hilo hakihusiani na ukoo huo, kwa kuwa kilitoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya uzito.

Maneno yanayojipinga yenyewe

Yapo maneno ya herufi tatu ambayo maana zake mbili hupigana. Neno 'let' kwa kawaida ni kuruhusu. Lakini kulikuwa na 'let' nyingine, kutoka kitenzi tofauti cha Kiingereza cha kale, iliyomaanisha kuzuia. Neno hilo la pili halijafa. Limo katika pasipoti za Uingereza, ambamo yeyote anayehusika huombwa amwache mwenye pasipoti apite bila 'let' wala kipingamizi. Limo pia katika tenisi, mpira wa kuanzishia mchezo unapogusa wavu na kulazimika kurudiwa.

Juu ya hayo, ipo maana ya tatu ambayo mkazi yeyote wa Nairobi ameiona ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa jumba: 'To Let', yaani nyumba ya kupangisha. Watundu wakiongeza herufi 'I' katikati ya maneno hayo mawili, jumba zima hugeuka msala.

Neno 'out' ni kigeugeu vilevile. Mwezi ukiwa 'out' unaonekana angani. Taa ikiwa 'out' imezimika na haionekani. Kitabu kikiwa 'out' kimechapishwa, na mchezaji wa kriketi akiwa 'out' ameondolewa uwanjani. 'Off' nayo, ikiandamana na 'go', humaanisha kwamba king'ora kimelia, au kwamba stima imepotea. Maziwa yakiwa 'off' yameharibika, mechi ikiwa 'off' imefutwa, na mfanyakazi akiwa 'off' anapumzika nyumbani. Maana hii ya mwisho imeingia katika mazungumzo ya wafanyakazi wetu kama 'ofu'.

Tusiwacheke Waingereza lakini. Nasi tuna kitenzi 'azima'. Ukisema umeazima jembe, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba umelipata kwa jirani au umelitoa kwa jirani. Kujua nani anamdai mwenzake kunategemea maneno mengine katika sentensi.

Sikio linapoona kuliko jicho

Kuna jozi ambazo huandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa namna mbili. 'Bow' ikitamkwa 'bou' ni upinde au fundo la utepe. Ikitamkwa 'bau' ni kuinama kwa heshima, au omo la meli. 'Row' ikitamkwa 'rou' ni safu, au kupiga makasia. Ikitamkwa 'rau' ni ugomvi. 'Sow' ikitamkwa 'sou' ni kupanda mbegu. Ikitamkwa 'sau' ni nguruwe jike. Msomaji wa habari redioni asiyeipitia taarifa yake mapema anaweza kuwatangazia wakulima jambo ambalo hawakulitarajia.

Neno dogo mbele ya jaji

Hadi hapa huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya darasani tu. Kesi mbili zitaonyesha vinginevyo.

Usiku wa Novemba 2, 1952, vijana wawili, Christopher Craig wa miaka 16 na Derek Bentley wa miaka 19, walivamia ghala moja huko Croydon, kusini mwa London. Polisi walipowafikia juu ya paa, Bentley alikamatwa. Craig alikuwa na bastola. Upande wa mashtaka ulidai kwamba Bentley alimwambia mwenzake: "Let him have it, Chris." Craig alifyatua risasi na kumjeruhi afisa mmoja, na baadaye risasi yake ikamuua konstebo Sidney Miles. Craig hangeweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake. Bentley, ambaye hakufyatua risasi yoyote na ambaye tayari alikuwa mikononi mwa polisi, alinyongwa Januari 28, 1953.

Maneno hayo yana maana mbili. Yanaweza kuwa 'mpe bastola hiyo', au yanaweza kuwa 'mpige risasi'. Kwa Kiswahili karibu tungepata utata huo huo kwa kusema 'mpe chake'. Mahakamani, Bentley na Craig walikana kwamba maneno hayo yalitamkwa kabisa. Hoja ya utata ilivuma zaidi baadaye, katika kampeni ndefu ya familia ya Bentley ya kutaka jina lake lisafishwe. Mwaka 1993 alipewa msamaha uliohusu adhabu pekee. Hatimaye, Julai 30, 1998, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha hukumu yenyewe, kwa msingi kwamba maelekezo ya jaji kwa baraza la wazee wa mahakama yalikuwa na kasoro na kesi haikuendeshwa kwa haki. Mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka 45.

Kesi ya pili ni ya Marekani, na neno lenyewe ni 'use', yaani kutumia. Sheria ya nchi hiyo iliongeza kifungo kwa mtu aliyetumia bunduki katika biashara ya dawa za kulevya. Mshtakiwa kwa jina Smith alikuwa amejaribu kubadilishana bunduki ya rashasha na kokeini. Kwa sababu ya aina ya bunduki hiyo, adhabu ya ziada ilikuwa miaka 30. Wakili wake alisema kwamba kuitoa bunduki kama bidhaa si kuitumia kama silaha. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba hata kubadilishana ni kutumia. Jaji Antonin Scalia alipinga. Alieleza kwamba mtu akiulizwa kama anatumia mkongojo, anaulizwa kama anatembea kwa msaada wake, wala haulizwi kama ameutundika ukumbini kuwa pambo.

Mvutano haukuishia hapo. Mwaka 1995 mahakama iyo hiyo iliamua kwamba kuwa na bunduki karibu tu hakutoshi kuitwa kuitumia. Mwaka 1998 Bunge la Marekani likaiongezea sheria hiyo kosa la kuwa na bunduki kwa ajili ya kuendeleza uhalifu. Mwaka 2007 mahakama ikaamua kwamba anayepokea bunduki kama malipo ya dawa za kulevya 'haitumii'. Kwa hivyo katika soko lile lile, anayetoa bunduki ametumia na anayeipokea hajatumia. Herufi tatu zilizozungumziwa kwa zaidi ya miaka 10, huku watu wakihesabu siku gerezani.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo hufanya kazi papo hapo, bila kamusi mkononi. Shahidi akisema 'alimpiga', ni juu yake kuamua kama Kiingereza kitakuwa 'hit', 'beat' au 'shot'. Na wakili akiuliza kwa Kiingereza kama mshtakiwa alimwacha, alimruhusu au alimpangisha mtu nyumba, yote matatu yaweza kuja kwa umbo la 'let'. Ukalimani wa neno fupi si kazi ndogo.

Mashine nazo zilikwama

Watu walipoanza kuota kwamba kompyuta zingetafsiri lugha, mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel aliwaonya. Mwaka 1960 alitoa mfano wa sentensi fupi kuhusu mtoto aliyetafuta 'box' ya vitu vyake vya kuchezea na kuipata ndani ya 'pen'. Binadamu hujua papo hapo kwamba sanduku haliwezi kuingia ndani ya kalamu, hivyo 'pen' hapa ni uzio wa kuchezea mtoto. Kompyuta, alisema, haijui ukubwa wa sanduku wala wa kalamu, na kamusi haitamwambia.

Programu za siku hizi zimepiga hatua kubwa kwa kutazama maneno yote yanayozunguka neno moja. Hata hivyo, mpe mashine kichwa cha habari chenye maneno manne, ambamo muktadha ni haba, nawe usishangae jaji akitenga fedha badala ya kutengua hukumu. Anayetegemea tafsiri ya simu yake katika mkataba wa nyumba au maelezo ya dawa anapaswa kuisoma upya kwa macho yake.

Yalipohamia kwetu

Maneno haya yakiingia Kiswahili hupunguza mzigo. Huchukua maana moja au mbili na kuziacha nyingine bandarini. 'Bus', ambalo lenyewe ni mkia wa neno la Kilatini 'omnibus' lenye maana ya 'kwa wote', limekuwa basi la abiria pekee. Lakini lilipofika lilikuta 'basi' nyingine ya kusema 'inatosha', na sasa kondakta anaweza kusema 'basi, basi limejaa' bila mtu kuduwaa. 'Bar' lilipogeuka baa lilikuta baa la njaa na la nzige limeshatangulia. Wapo wanaoona kwamba kukutana huko hakukuwa kwa bahati.

'Gas' lilibuniwa katika karne ya 17 na mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, akilichota katika neno la Kigiriki lenye maana ya vurugu la mwanzo wa dunia. Kwetu ni gesi ya kupikia. Nchini Marekani, ambako ni kifupi cha 'gasoline', ni petroli. Mkenya aliyehamia huko akiambiwa aongeze 'gas' garini, asitafute mtungi.

Namna ya kuepuka mitego

Kwa mwanafunzi na mfasiri, mambo manne yatafaa. Kwanza, tambua aina ya neno: je, ni kitenzi au nomino? Pili, tazama neno linalofuata, hasa 'up', 'off', 'out' na mfano wake, kwa kuwa mara nyingi hilo ndilo lililoshika maana. Tatu, uliza ni nani anayesema: wakili, daktari, fundi na mchezaji hutumia 'set' moja kwa mambo manne. Nne, tafuta kitenzi cha Kiswahili kinacholingana na tendo lenyewe, wala si kinacholingana na neno. Jua halijiweki, huzama au hutua. Mtihani hauwekwi, hutungwa. Mfupa hauwekwi, huungwa.

Mwisho, kamusi isiwe ya maneno magumu pekee. Siku utakayokuwa na nafasi, ifungue utafute neno unalodhani unalijua tangu darasa la kwanza. Anza na 'run', lakini usianze jioni, maana Gilliver mwenyewe alihitaji miezi tisa.